Watoto na msitu wa Jozani: jinsi ya kuusoma msitu mmoja misimu yote minne

Watu wengi wa Unguja Jozani wamefika mara moja tu, ziara ya skuli, basi limejaa, nyimbo njia nzima, mmeshuka, mmepiga picha na kima, mmekula, mkarudi mjini kabla ya alasiri. Siyo vibaya, ila mtoto ukimuuliza umejifunza nini anakwambia nimeona kima, basi. Mimi nashauri kitu kingine, na hili nawaambia wazazi, walimu wa klabu za mazingira na kaka na dada wakubwa wenye wadogo zao: chagueni kona moja ya msitu ule afu mrudi palepale kila msimu unapogeuka, kipupwe, vuli, kaskazi, masika. Safari nne kwa mwaka zinatosha, mwenye uwezo wa zaidi aongeze.

Nasema hivo kwa sababu mambo mengi ya msituni huyaoni mpaka ulinganishe. Pale mlipopita na viatu vikavu mwezi wa pili, mwezi wa tano maji yamesimama. Jani la mchu, mti mmoja wa kule kwenye mikoko, wakati wa jua kali limejaa chumvi, mvua ikipiga hamna kitu. Ndege keremkerem anayeruka mwezi wa saba siyo yule wa mwezi wa kumi na mbili, wametoka pande mbili tofauti za dunia. Hayo hata mtembezaji awe hodari vipi hawezi kumueleza mtoto ndani ya saa moja yakamuingia, inabidi ayaone yakibadilika mbele yake.

Tuanze na kufika. Kutoka mjini ni kama kilomita 35, daladala za Makunduchi, Jambiani na Paje zinapita mlangoni kabisa, mwambie konda Jozani tu anajua. Hifadhi yenyewe jina lake kamili ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa mwaka 2004, ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Zanzibar, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50. Wenyeji na wageni kutoka nje hawalipi sawa, kwahiyo chukua kitambulisho, na kama ni skuli nendeni na barua ya skuli na mpeleke taarifa mapema muandaliwe mtembezaji anayeweza kuongea na watoto. Waambieni kabisa kwamba nyinyi mtakuwa mnarudi, kwahiyo hamna haraka ya kuona kila kitu leo. Hapo atawatembeza taratibu zaidi.

Ndani ya hifadhi kuna sehemu tatu zisizofanana hata kidogo. Kuna msitu wa maji, ule wa miti mikubwa, mitondoo na michikichi, ambao maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na juu ndo maana pana ubichi hata jua likiwaka. Kuna maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, udongo kiduchu, vichaka vigumu, jua kali. Na kuna mikoko ya kijiji cha Pete, upande wa pili wa barabara, yenye njia ya mbao ya kupita juu ya tope. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi mi naona chagueni msitu wa maji na mikoko, maweni waachieni wakubwa.

Daftari na miongo

Kila mtoto awe na daftari lake. La kawaida tu la mia moja kurasa, gamba gumu kama lipo, na penseli siyo peni maana wino ukilowa umekwisha. Ukurasa wa safari unaanza na vitu vilevile kila mara: tarehe, tarehe ya mwezi wa Kiislamu, saa, upepo unatoka wapi, mvua ya mwisho ilinyesha lini, maji ya bahari yanajaa au yanapwa. Afu ndo waandike na kuchora walichokiona.

Na kuna kitu kimoja ningependa sana kirudi kwa watoto wetu, miongo. Wazee wetu wa pwani, wavuvi na wakulima, walikuwa wanauhesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi wanaifanyia Mwaka Kogwa mpaka leo kila mwezi wa saba. Kuanzia siku hiyo wanahesabu siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 ni siku 360, ongeza siku tano za juu ndo mwaka umetimia. Kwa hesabu hiyo mtu anajua mvua za vuli ziko karibu, mbegu ziandaliwe, upepo unakaribia kugeuka. Mwezi wa Kiislamu hauwezi kukupa hiyo maana unatembea, Ramadhani leo iko jua baada ya miaka iko mvua, ila miongo inafuata jua. Sasa mtoto wa darasa la tano anaweza kuihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, aanzie Siku ya Mwaka, atie alama kila siku ya kumi, na kwenye daftari aandike leo tuko mwongo wa ngapi. Mwaka wa pili mkirudi Jozani mwongo uleule mnalinganisha, kumbikumbi wametoka mapema au wamechelewa, maji yamefika wapi. Wakubwa wanaweza hata kugundua kwamba hesabu hii haina siku ya 29 Februari, kwahiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inasogea nyuma siku moja kwenye kalenda ya kawaida.

Mti wenu

Safari ya kwanza kabisa msikimbilie kima. Tafuteni mti mmoja uwe wenu. Mimi napendekeza mtondoo, ni mkubwa, uko mwingi mle, na jani lake linafundisha peke yake: mwambie mtoto aliokote moja chini, alinyanyue lipigwe na mwanga, aangalie mishipa. Kuna mshipa mmoja mnene katikati, afu pembeni mistari myembamba imebanana sambamba mpaka ukingoni, mingi kiasi hakuna mtoto anayemaliza kuihesabu. Mpe lenzi ya kukuzia au awashe kamera ya simu aivute karibu. Afu linganisha na jani la mwembe nyumbani, atakwambia mwenyewe tofauti.

Picha ya mti ipigwe kila safari mkiwa mmesimama palepale na simu mmeishika vilevile, ikiwezekana mtoto mmoja asimame ubavuni apatikane wa kulinganishia kimo. Msifunge kamba wala kuchonga alama, ile ni hifadhi. Chini ya mti kila mtoto apige duara la hatua moja mbele yake, kwa macho tu, achore kila kilichomo, majani makavu mangapi, mbegu, mashimo, sisimizi, uyoga. Dakika ishirini. Mwanzo watakwambia hamna kitu hapa. Vumilia, dakika ya kumi hivi utasikia wanaitana.

Tunda la mtondoo ni la duara, na linaelea. Hili mkitaka kulijaribu okoteni la mtondoo wa ufukweni kijijini kwenu, la hifadhini liacheni hapohapo, mlitie kwenye ndoo ya maji muone. Mtoto akishaona linaelea muulize huo mti umefikaje kwenye fukwe nyingi za Bahari ya Hindi. Usimjibu.

Kipupwe

Mwaka wa miongo unaanzia hapa, na mi naona ndo wakati mzuri wa safari ya kwanza, mwezi wa saba au wa nane, kuna ubaridi, mbu wamepungua, kusi inavuma, njia zinapitika. Ikitokea mvua ndogondogo za mchoo haziharibu kitu, chukueni tu koti.

Cha kuangalia kwanza ni maji. Msitu unakuwa umetoka kwenye masika na unakauka taratibu, kwahiyo kwenye mashina ya miti mtaona mistari ya tope inayoonesha maji yalisimama wapi. Mtoto apime kwa mkono wake, yalinifika kwenye kifundo, yalinifika kwenye ugoko, aandike. Mkienda masika apime tena palepale.

Njiani huku, ukivuka vijiji, angalieni mibuyu. Mingi inakuwa haina hata jani, imebaki matawi. Mwambieni mtoto auchore hivo hivo ulivyo uchi, mchoro huo utahitajika vuli.

Juu kwenye nyaya na matawi makavu tafuteni keremkerem, ndege mwembamba wa kijani mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, anaruka ghafla anadaka nyuki au kereng'ende hewani anarudi alipokuwa, anampigiza kwenye tawi ndo anammeza. Wa kipupwe wengi ni wale wa Madagaska, wanakuja kwetu kwenye miezi hii ya baridi, wana kofia ya rangi ya kahawia kichwani. Muda mzuri ni asubuhi jua likishapanda kidogo.

Tahadhari ya kipupwe ni upupu. Maganda yake yamekauka sasa, yale ya kahawia yenye manyoya kama mahameli yananing'inia vichakani, watoto wanayaona mazuri wanataka kuyashika, na upepo wenyewe tu unatosha kuyapeperusha. Waoneshe watoto kwa mbali walijue umbo lake, wavae mikono mirefu, na akiwashwa asijikune wala asipanguse, muondoe kwanza pale na nguo ile aivue.

Kivuli cha mchana

Hili halihitaji msitu, linaweza kufanyika uwanjani pale kwenye maegesho au nyumbani, lakini lifanyeni kila safari maana ndo linaeleza kwa nini misimu ipo. Simika kijiti cha urefu wa rula wima kwenye ardhi tambarare, kabla kidogo ya adhuhuri kuingia, kwetu ni kama saa sita na dakika ishirini hivi, inasogea kidogo kwa mwezi na mwezi. Pimeni kivuli na mtazame kimeelekea wapi. Mwezi wa saba kinaelekea kusini kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Mwezi wa kumi na mbili kinaelekea kaskazini. Na kati ya wiki ya kwanza na ya pili ya Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, kivuli karibu kinapotea chote kwa sababu jua linatupita juu ya utosi. Watoto wanaosoma madrasa wanalijua hili nusu tayari, jua kupinduka ndo adhuhuri inaingia, kwahiyo muombe ustadhi wao awape maneno mawili matatu, wanafurahi sana kuona ya chuoni na ya skuli yanakutana kwenye kijiti kimoja.

Vuli

Hapa lengeni mvua za mwanzo, kwa kawaida mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Ikipiga mvua nzuri ya kwanza, kesho yake au jioni ileile kumbikumbi wanatoka. Kama mnaweza kupanga safari kwa kustukiza, hii ndo ya kustukiza, ila hata kwenye uwanja wa nyumbani inafaa. Watoto wachuchumae waangalie vizuri: kumbikumbi anatua, anajitikisa mbawa zinadondoka, afu utaona wawili wawili wanafuatana, jike mbele dume nyuma kamganda, wanatafuta pa kuchimba. Wanasubiri mvua kwa sababu ardhi kavu ngumu hawawezi kuitoboa, ikilainika ndo wanapata nafasi ya kuanza kichuguu kipya. Wengi hawafiki, kuku, mijusi, vyura, mbayuwayu, wote wanakula siku hiyo, na watu pia. Mtoto ahesabu kwa dakika tano wangapi wameliwa mbele ya macho yake, hiyo ni hesabu ya kweli kuliko ya ubaoni.

Ile mibuyu sasa inavaa majani na maua. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, linaning'inia kichwa chini, linafunguka magharibi ikiingia na kufikia kesho yake limeshaanza kunyauka. Popo wanaokula matunda ndo wanalitembelea usiku kunywa utamu wake na kubeba chavua. Kwahiyo kama mna ndugu kijijini kule kusini, Kitogani, Muyuni, Makunduchi, laleni huko usiku mmoja mkakae chini ya mbuyu baada ya magharibi na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu isiwasumbue. Asubuhi watoto waokote maua yaliyodondoka, wayanuse. Yananuka, siyo kunukia, na sababu yake ni hao popo.

Ufukweni mwezi huu wageni wa kaskazi wameshaanza kushuka, sururu wale wenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, na vitwitwi wadogo wanaokimbia pembeni mwa maji. Wametoka huko kaskazini mwa dunia wakikimbia baridi, watakaa nasi mpaka mwezi wa tatu hivi. Waulize watoto mdomo ule umepinda kwa nini, wawaangalie wanavyouingiza kwenye shimo la kaa.

Kaskazi na chumvi ya mchu

Mwezi wa kwanza na wa pili ni joto kweli kweli, tokeni mapema, saa moja asubuhi muwe mlangoni, saa nne mmemaliza. Huu ndo msimu wangu wa mikoko.

Mpango wa mikoko ni wa bahari kwanza. Bamvua linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja mbili baada ya hapo maji yanajaa sana na kupwa sana, kwahiyo ile tarehe ya mwezi wa Kiislamu kwenye daftari ina kazi: tarehe mbili tatu, au kumi na sita kumi na saba, ni bamvua. Siku hizo ufukwe wa mjini maji yanakuwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi, ndani kwenye mikoko yanachelewa kidogo, muulizeni mtembezaji au mvuvi yeyote wa Pete. Kwa watoto wafikeni maji yanapoanza kutoka, watayaona yakiondoka na viumbe vikitoka mashimoni nyuma yake.

Kwenye njia ya mbao simamisheni kundi, kimya dakika tatu. Ukiweka mguu kwa kishindo kaa wote wanazama. Ukitulia wanarudi mmoja mmoja, na utawaona wale wadogo, dume ana gando moja kubwa la rangi analipunga juu chini, jike ana yote mawili madogo. Gando kubwa ni la kumuita jike na kugombana, halimsaidii kula, anakula kwa lile dogo tu wakati jike anachota tope kwa mikono miwili. Kazi ya mtoto: mtazame dume mmoja na jike mmoja dakika moja kila mmoja, hesabu mara ngapi wamepeleka mkono mdomoni. Chini ya mikoko kuna tondo pia, konokono wa mikokoni, wametulia kwenye tope na majani makavu.

Afu mchu. Utaujua kwa mizizi yake inayochomoza juu ya tope wima kama penseli mamia kwa mamia, ile ni ya kupumulia, maana lile tope halina hewa ndani, harufu yake ya yai viza inakwambia. Sasa muombe mtembezaji awaruhusu mguse jani, bila kulichuma. Mtoto alitazame kwa lenzi dhidi ya jua, kuna vichembe vinang'aa juu yake. Apitishe kidole, alambe. Chumvi! Mchu unafyonza maji ya bahari na chumvi inayofika ndani unaitoa kupitia majani. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya miguu miguu, una njia nyingine, unaizuia nyingi palepale mizizini isipande. Miti miwili imesimama tope moja, maji mamoja, kila mmoja kapata jawabu lake. Kwa kweli sijaona somo la sayansi linalomkaa mtoto kama kile kidole mdomoni, na ukirudi naye masika mvua ikiwa imepiga usiku kucha, akalamba tena akakuta hamna, hapo hahitaji kuelezwa, anakueleza yeye.

Huku huku ndani ya msitu tafuteni konokono wakubwa. Kaskazi wamejificha chini ya majani au wameganda kwenye mashina, na mlangoni mwa gamba wameziba kwa utando mweupe mgumu wasikauke. Chora, weka alama ya mahali, usibandue.

Keremkerem nao angalieni tena, wa sasa wana mashavu ya buluu, wametoka Asia huko, wale wa Madagaska wameshaondoka.

Kima punju

Nimewaweka hapa katikati makusudi, ili msiwafanye safari nzima, ila wanastahili muda. Kima punju porini hayupo popote duniani isipokuwa kwetu Zanzibar, hesabu kubwa iliyofanyika miaka ya karibuni iliwakuta Unguja wanazidi kidogo 5,800. Mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, pua na midomo ya pinki, na nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Mara nyingi wanachanganyika na kima wale wa kawaida, na hapo ndo pana zoezi zuri kuliko yote: mpe mtoto mmoja kima punju, mwenzake kima wa kawaida, kila mmoja amfuate wake kwa macho robo saa.

Watakuja na majibu tofauti. Kima wa kawaida anakula embe bivu, anajaza mashavuni, anakimbia nalo. Punju hana mifuko ya mashavu, na tunda bivu analiacha, anataka bichi, na majani machanga. Tumbo lake lina vyumba, vijidudu vya ndani ndo vinamchachushia majani kama ng'ombe, sukari ya tunda bivu inamvuruga. Mkono wake mtazame anaposhika tawi: vidole vinne, cha gumba kimebaki kinundu tu.

Na ukibahatika pembezoni mwa mashamba utamuona anakula mkaa. Anauokota kwenye tanuri za zamani au gogo lililoungua, anautafuna. Watafiti waliolifuatilia hili wanaeleza kwamba wale punju wa mashambani wanakula sana majani ya mkungu na mwembe, ambayo yana sumu sumu fulani, na mkaa unainasa ile sumu tumboni. Watoto wa punju wanajifunza kwa mama zao. Mwambie mwanao alitafakari hilo.

Masharti hayana mjadala, kaeni mbali naye mita tatu au zaidi, hakuna kumpa chakula, hakuna kumuita, na mtoto mwenye mafua abaki nyumbani siku hiyo kwa sababu mafua yetu yanawaambukiza. Najua wamezoea watu wanakaribia wenyewe, rudini nyinyi nyuma. Na mwenye gari, yale matuta ya barabarani yaliwekwa kwa ajili yao, walikuwa wanagongwa sana, yapiteni polepole.

Masika

Wengi hawaendi masika. Nendeni, ila siyo siku ya mvua kubwa, subirini imekatika tangu asubuhi. Viatu vya mpira, nguo za kubadili kwenye mfuko wa plastiki, mafuta ya mbu.

Msitu wa maji sasa unastahili jina lake. Pimeni yale maji kwenye shina mliloandika kipupwe. Wale konokono wametembea, ule utando hamna. Vyura wanaimba, na hapa fumbeni macho dakika mbili kila mtoto ahesabu sauti ngapi tofauti, arekodi kwa simu.

Jongoo wametapakaa njiani. Hapa wafundishe watoto kumtofautisha na tandu maana mmoja ni salama na mwingine anauma vibaya. Jongoo wa mviringo, polepole, ukimgusa anajikunja, na kwenye karibu kila pingili ya mwili ana miguu minne, miwili kila upande. Tandu bapa, mbio, na kila pingili ina jozi moja tu ya miguu. Jongoo atembee kwenye jani mbele yao waone miguu inavyokwenda kama wimbi. Akishikwa anatoa majimaji ya rangi ya iodini, hayaui lakini mtu asipeleke mkono machoni, aoshe.

Tope la njiani lisomeni pia, nyayo zinakaa vizuri sana. Mkiona alama ndogo za kwato mbili zilizochongoka huenda ni paa nunga, huyo kumuona mwenyewe ni bahati kubwa sana, ni adimu na ana woga. Anapenda kupita chini ya miti wanapokula kima, anaokota wanavyodondosha.

Mambo ya kundi

Watoto kumi kwa mtu mzima mmoja ni wengi, watano sita ndo unawamudu. Wasitie mkono chini ya gogo wala kwenye shimo, gogo likigeuzwa na mtu mzima lirudishwe lilivyokuwa. Siafu mkiwakuta rukeni mpite, msisimame kuwashangaa. Maji ya kunywa kila mtu lita moja, kaskazi moja na nusu, chakula kiliwe nje ya msitu na kila ganda lirudi mjini.

Simu iwe moja au mbili tu kwa kundi zima. Picha mnaweza kuzipandisha kwenye programu ya iNaturalist, ni bure, watu wanaojua wanakusaidia kutambua mdudu au mmea, lakini mtoto aandike kwanza anavyodhani yeye.

Jumamosi ndo siku inayofaa wengi, rudini kabla ya alasiri wale wenye chuo wawahi. Ramadhani ikiangukia kaskazi msiwapeleke watoto waliofunga kwenye joto lile, fanyeni kijiti cha kivuli nyumbani na safari isogee mpaka baada ya Idi. Na kwa wanaotegemea daladala, tokeni barabarani mapema mchana, jioni zinapita zimejaa kutoka Makunduchi na kundi la watoto halipati nafasi kwa pamoja.